Sanduku la Arobaini

Ibrahimu alifariki Jumanne asubuhi, kabla madaktari hawajaanza kupita wodini. Nilikuwa nimetoka kumkamulia maziwa kwenye kikombe, maana alikuwa hawezi tena kunyonya, na niliporudi nikakuta ile taa waliyokuwa wakimmulika nayo mwilini imezimwa. Nesi alikuwa amesimama kando ya kitanda kidogo, amenipa mgongo. Niliitazama taa, nikaweka kikombe chini.

Alikuwa mtoto wangu wa kwanza, na hakufikisha arobaini.

Tulimrudisha Bagamoyo kutoka Dar es Salaam kwa gari la jirani. Salumu, mume wangu, alimpakata njia nzima. Yeye ni fundi wa kuchomelea mageti, mikono yake imejaa alama za cheche, na siku ile mikono ile ilikuwa kama imesahau kushika kitu. Tegeta kulikuwa na foleni, Bunju pia. Wauza karanga na maji walisogea madirishani, wakiona tulichobeba wakarudi nyuma taratibu.

Baada ya sala ya alasiri wanaume walimchukua wakaenda kumzika, sisi wanawake tukabaki na msiba nyumbani kwa Mama. Jioni maziwa yakaanza kutoka yenyewe, gauni likalowa mbele. Mama akaniingiza chumbani, akanifunga kifua kwa kanga ili yakauke. Alinifunga vizuri, kwa mikono ya mtu aliyezoea. Kanga ile ilitoka sandukuni. Niliijua kwa harufu kabla sijaiona rangi. Nikaifungua palepale, nikamwomba anitafutie nyingine yoyote.

Hakuniuliza kwa nini. Alidhani ni uchungu tu.

Inafaa nieleze habari ya sanduku hilo. Kwetu, binti akijifungua anarudi kulelewa kwa mama yake mpaka arobaini itimie. Mama yangu, Bi. Mosi, ana nyumba ya urithi Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo, na chini ya kitanda chake kuna sanduku la bati la rangi ya kijani alilopewa na mama yake. Humo zimo kanga za watoto, winda, kofia za kufuma na vishuka vyepesi. Mimi nilivishwa nguo hizo, wadogo zangu walivishwa, na binamu zetu. Arobaini ikiisha, nguo zinafuliwa, zinakunjwa, zinarudi sandukuni kumsubiri mwingine. Kila mzazi anaongeza moja yake.

Ili mende na nondo wasizile, Mama huweka naftalini. Vile vidonge vyeupe, mviringo, ambavyo mtoto akiviona atadhani ni pipi. Huvifunga kwenye vitambaa vidogo na kuvipanga kila kona, na vingine huviacha huru katikati ya mikunjo. Vikiisha kuyeyuka anaongeza. Harufu yake sisi tulikua tukiijua kuwa harufu ya usafi. Ukisikia mtoto mchanga ananukia vile, unajua katoka kwenye nyumba inayojua kutunza vitu.

Na nguo za mtoto ambaye hajatimiza arobaini hazianikwi nje. Wanasema ndege atapita juu yake, mtoto ashikwe na degedege. Basi zinakaushwa chumbani, kwenye kamba inayopita juu ya kitanda, mlango umefungwa. Mtoto anakandwa kwa mafuta ya nazi asubuhi na jioni, anang'aa, kisha anafungwa kanga ya sandukuni angali na mafuta yake. Ndivyo alivyofanyiwa Ibrahimu, kwa mapenzi yote. Sikumbuki mtoto aliyeshikwa kwa upole kama yeye.

Manjano ilianza machoni. Bi. Dija, mkandaji wetu, akasema watoto wengi huwa hivyo, asogezwe dirishani apate jua la asubuhi. Manjano ikashuka kifuani, ikafika miguuni. Mkojo wake ukawa wa rangi ya chai ya rangi. Akaacha kulia, na sisi tukafurahi kwamba ametulia. Alipokataa titi, Salumu alituchukua mpaka hospitali ya wilaya, na wao wakatupeleka Dar es Salaam siku hiyohiyo.

Siku moja kabla hajafa, daktari kijana alivuta kiti akakaa mbele yangu. Alikuwa ameshamtia Ibrahimu damu mara moja na alikuwa anajiandaa kumtia tena.

"Mama, nguo za mtoto mlikuwa mmezihifadhi na nini?"

Nikamwambia zilikuwa sandukuni.

"Na naftalini?"

Nikamwambia ndiyo, kama watu wote.

Alinieleza polepole, na nilipoomba arudie, alirudia. Wapo watu ambao chembe zao nyekundu za damu zimezaliwa na upungufu wa kinga fulani. Huku pwani wako wengi, na wengi wao wanaishi mpaka uzee bila kujua. Mtoto wa kiume huupata kutoka kwa mama yake, ambaye mwenyewe anaweza asiugue hata siku moja. Mvuke wa naftalini humwingia mtoto kwa pumzi na kwa ngozi, na ngozi iliyopakwa mafuta huupokea zaidi. Kwa mtoto mwenye upungufu huo, chembe zinapasuka kwa wingi, ini lake changa linashindwa kusafisha, na manjano inapanda mpaka kwenye ubongo. Aliniambia kwamba amepima damu ya Ibrahimu na upungufu ameukuta. Halafu akasema hakuna aliyefanya jambo hili kwa ubaya, na kwamba watu hawaambiwi.

Hayo niliyashika yote. Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne na biolojia nilipata C, lakini siku ile niliielewa kuliko somo lolote nililowahi kufundishwa.

Nilimwambia Mama baada ya hitima ya Ibrahimu. Nilimkuta chumbani amekaa kitandani na nguo za mtoto mapajani, zile za sandukuni na ile kanga mpya niliyoongeza mimi, ya maua madogo ya njano. Alikuwa amezifua kwa mkono wake. Alizikunja moja moja, na katikati ya kila moja akaweka kidonge kipya.

"Zisije zikaliwa," akasema. "Ndizo alizovaa."

Nilizichukua za juu nikazinusa. Nilikuwa nataka kumsikia yeye, ile harufu ya shingoni ya maziwa na mafuta ya nazi. Haikuwepo. Ilikuwa naftalini tu.

Nikamweleza kama daktari alivyonieleza, tena kwa adabu, bila kupandisha sauti. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema Mungu ndiye mwenye kutoa na ndiye mwenye kuchukua, na kwamba madaktari wa siku hizi wakishindwa lazima watafute kitu cha kusema. Akafunga kifuniko, akalisukuma sanduku chini ya kitanda kwa mguu. Mimi nilirudi kwangu Majengo, na jambo hilo likakaa kati yetu bila kuguswa.

Mwaka uliofuata mdogo wangu Nasrin akashika mimba.

Nasrin ndiye wa mwisho kwetu. Ameolewa Mbegani na mwalimu wa chuo cha uvuvi, na mjini hapa anafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi. Anapenda mzaha, na mimba haikumpunguza. Aliniletea habari mwenyewe, akakaa jikoni kwangu akila embe mbichi kwa chumvi, akaniambia tumbo lake limekuwa kama jirani mkorofi, linamwamsha na halimwachi apite mlangoni.

Nilifurahi. Nasema kweli. Halafu nikalala nikiliwaza sanduku.

Nasrin ni mtoto wa mama yuleyule. Nilichobeba mimi, na yeye anaweza kuwa amekibeba, na akizaa mwanamume hakuna wa kujua mpaka apimwe. Nilikwenda kliniki ya wajawazito kumwona Nesi Skolastika, mama wa Kichaga aliyehamia hapa zamani na familia yake ya misheni, ambaye ndiye aliyenipima mimi wakati wangu. Nilimwuliza je, tukizifua zile nguo mara kadhaa na kuzianika juani, zitafaa? Alisema nguo iliyokaa na vidonge vile kwa miaka inaweza kufuliwa na bado ikabaki navyo ndani ya nyuzi, na hana kipimo cha kunihakikishia zimetakata. Kwa nyumba iliyokwisha kufiwa namna yetu, yeye angetumia mpya, zifuliwe kwa sabuni, zikauke juani. Na vidonge vitoke ndani ya nyumba kabisa. Visiwe chini ya kitanda, wala chooni, wala kwenye kabati la sebuleni, maana mvuke hauna mlango.

"Na mtoto akizaliwa mlete mapema," akasema. "Tutaomba apimwe Dar. Ila ukisubiri kipimo ndipo utoe nguo, utakuwa umechelewa."

Nikampelekea Nasrin maneno hayo. Hakubisha hata moja. Alizaliwa na akili nyepesi kuliko mimi. Lakini ilipofika zamu ya kumwambia Mama, alisita.

"Dada, mimi sitamwambia. Kwanza nitakuwa nimelala pale kwake siku zote hizo, ananikanda, ananipa uji wa pilipili manga. Nimwambie nguo zako zinaua? Si atanimwagia huo uji?"

"Nitamwambia mimi."

"Ulishamwambia."

"Nitamwambia tena."

Akanitazama, mzaha ukamtoka usoni. Akasema kwamba nikiweza kumgeuza Mama atanifuata, na nisipoweza, atamvisha mtoto atakachopewa, kwa sababu hana nguvu ya kugombana na mama yake akiwa na kidonda cha uzazi. Sikumlaumu. Niliondoka nikijua kwamba mtoto yule hana mtu mwingine wa kumsemea ila mimi.

Nilianza na nguo. Nilinunua kanga nne nyepesi na kitambaa cha pamba cheupe, nikakata winda, nikazipinda kwa mkono kwa sababu cherehani hutia mshono mgumu kwa ngozi changa. Nilimwambia Salumu nataka kuzianika pale ambapo jua linapiga tangu asubuhi. Siku ya pili alirudi na vyuma viwili, akavichimbia uani, akachomelea ndoano juu, akavuta waya. Kisha akauvuta kwa uzito wake wote kuona kama utahimili, na ukahimili.

Basi nguo za mtoto zikapepea uani kwangu, katika nyumba ambayo haina mtoto. Majirani waliona. Mmoja akaniuliza kupitia ukutani, "Batuli, nani kazaa?" Nikamwambia bado. Baadaye nikasikia wanasemezana kwamba uchungu umeniingia kichwani, kwamba nafua nguo za marehemu. Niliziacha kwenye waya mpaka zikakauka zikawa ngumu kama karatasi, nikazikusanya, nikazifua mara ya pili.

Siku za Nasrin kujifungua zilipokaribia, nilikwenda kwa Mama asubuhi moja. Nilipiga hodi, nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba kutoka chumbani. Sanduku lilikuwa wazi sakafuni, na juu ya kitanda kulikuwa na pakiti mpya ya naftalini kutoka duka la sokoni. Alikuwa anatoa vidonge vilivyoyeyuka na kuweka vipya, tayari kwa mgeni wake.

Nilikaa chini karibu naye. Nikamwambia, Mama, nimekuja kwa ajili ya nguo hizi. Mtoto wa Nasrin asivishwe hizi. Nimeshashona nyingine, ziko tayari, na nitazileta mimi.

Aliendelea kupanga. Akasema watoto wa nyumba hii wametoka sanduku hili tangu kwa mama yake. Mimi nimetoka humu. Nasrin katoka humu. Kama kitu hiki kingekuwa sumu, nani angekuwa hapa kumfundisha yeye kazi ya kulea?

"Sisi ni wanawake, Mama," nikasema. "Tunabeba, hatuugui."

"Hayo kakwambia yule daktari mtoto."

"Ndiyo. Na Nesi Skolastika naye kaniambia."

Akaacha kupanga. Alinigeukia, na sauti yake ikawa ndogo sana.

"Batuli. Sema unachotaka kusema. Unasema mimi nimemuua mjukuu wangu?"

"Sisemi wewe. Nasema vidonge."

"Aliyeviweka nani?"

Alikuwa ananitazama, na mkononi ameshika kofia ya kufuma, ile ndogo nyeupe yenye uzi wa bluu. Ningeweza kunyamaza hapo. Nilimpenda, na ninampenda, na nilijua kwamba neno nililokuwa nalo mdomoni likishatoka halirudi. Lakini nilikuwa nimeshawaza mengi usiku na mchana, na nilikuwa nimeona kitu ambacho hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kukitamka.

Kwetu tumezaliwa wasichana wanne. Mtaani wanatutania kwamba ile ni nyumba ya wanawake, mtoto wa kiume hakai. Mama mwenyewe husema hivyo akicheka. Lakini kabla yetu sote alikuwepo Kombo, mtoto wake wa kwanza. Alikufa ndani ya arobaini. Tuliambiwa ni ndege alipita. Na kila Mama alipotusimulia habari zake, miaka yote, alisimulia vilevile: mtoto mzuri, mweupe, halafu akageuka rangi ya binzari.

"Na Kombo?" nikasema.

Nje kulikuwa na mtu anapita akiuza visheti, anaita, mpaka sauti yake ikapotelea upande wa sokoni. Kisha Mama akairudisha kofia sandukuni, akashika ukingo wa kitanda, akainuka kwa taabu.

"Nenda kwako," akasema.

Nikaenda. Toka siku ile tukawa watu wa kuamkiana tu. Shikamoo, marahaba, basi. Salumu aliniuliza kama najuta. Nikamwambia naogopa, lakini sijuti, na kwamba siku Nasrin atakapoletwa nitakuwepo pale mlangoni na nguo zangu, na nikifukuzwa nitasimama nje, na nikirudishwa nyumbani nitarudi kesho yake. Akasema sawa, tutapeana zamu.

Nasrin alijifungua hospitali ya wilaya. Mtoto wa kiume.

Nilipata habari kwa simu kutoka kwa shemeji yangu, ambaye furaha ilimfanya aseme kila kitu mara mbili. Nilichukua mfuko wenye nguo nikatembea mpaka Mji Mkongwe. Nilifika kabla yao, nikakuta uji unachemka na chumba kimefukizwa udi. Bi. Dija alikuwepo tayari, amekaa kwenye kigoda na bakuli lake la mafuta ya nazi. Sanduku lilikuwa limevutwa katikati ya chumba, kifuniko wazi. Harufu ile ilishinda udi.

Walipoingia, Nasrin alikuwa amechoka, anatembea kwa hatua fupi. Alinitupia jicho akaona mfuko, akainamisha kichwa. Mtoto alikuwa amefungwa shuka la hospitali. Bi. Dija alimpokea, akamsifu, akamlaza mapajani, akaanza kumpaka mafuta. Ana mikono mizuri, lazima nimpe haki yake. Mtoto alinyoosha miguu akapiga mwayo. Kisha, bila kugeuka, Bi. Dija akanyoosha mkono upande wa sanduku apewe kanga.

Nikatoa kanga yangu nikamwekea mkononi.

Aliishika, akaivuta karibu na pua, akatazama.

"Hii imetoka wapi? Haina harufu."

Nikamwambia ni mpya, imefuliwa, na kwamba mtoto atavaa hizi.

"Kwa hiyo mtoto wa Bi. Mosi anavishwa nguo za dukani kama mtoto wa mpita njia?" Akacheka kidogo, lakini hakuwa anacheka. "Batuli, mwanangu, wewe umefiwa. Tunajua. Sasa mwache mwenzio alee. Aliyefiwa haji kumpangia mzazi."

Nilihisi macho yananichoma. Sikuondoka. Nikamwambia Bi. Dija kwamba nimekuja kwa sababu hiyohiyo, kwamba nimefiwa, na kwamba sitatoka chumbani mpaka nimwone mtoto amevaa. Akaiweka kanga yangu pembeni juu ya mkeka, akainama mwenyewe kuchukua ya sandukuni. Nasrin alifumba macho.

"Dija," Mama akasema.

Alikuwa mlangoni na bakuli la uji. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini.

"Funga hilo sanduku."

"Mosi, mtoto atalala uchi?"

"Mvishe za Batuli."

Bi. Dija alimwambia, kwa sauti ya mtu anayemkumbusha mwenzake jambo wanalolijua wote wawili, kwamba kanga hizo yeye mwenyewe aliwavisha watoto wa nyumba hii, mmoja baada ya mwingine, kwa mkono huu. Mama alimsikiliza. Uji ulikuwa unatoa mvuke usoni pake.

"Nimezika wawili, Dija," akasema. "Funga sanduku."

Bi. Dija alishusha kifuniko. Akaiokota kanga yangu mkekani, akaikung'uta, akamfunga mtoto nayo, na nitasema tena, alimfunga vizuri. Mama aliingia, akampa Nasrin uji, akakaa kitandani kwa upande wa miguuni. Mimi nikashika sanduku kwa mshikio mmoja. Lilikuwa zito. Mama akainuka akashika upande wa pili, tukalitoa, tukapita nalo ukumbini mpaka nyuma ya nyumba, tukaliweka kule karibu na ukuta. Tulipolitua aliniambia nichukue za Ibrahimu, nizitenge, kwa sababu zile ni zangu.

Baadaye Nesi Skolastika aliniambia kwamba Mama alikwenda kumwona, siku chache baada ya mimi kufukuzwa. Alikaa kwenye benchi na wajawazito mpaka zamu yake ilipofika, mwanamke wa umri ule, na alipoingia aliuliza kitu kimoja tu: mtoto wake wa kwanza aligeuka wa manjano akafa, je, na yeye ni hivyohivyo? Nesi alimjibu kwamba hawezi kujua, ni miaka mingi, na hakuna damu ya kupima. Mama akamshukuru akaondoka. Mimi hajanisimulia mpaka leo, na sijamwuliza.

Mtoto anaitwa Shomari, jina la babu yake wa upande wa baba. Damu yake ilipimwa Dar es Salaam, na upungufu anao. Imeandikwa kwenye kadi yake ya kliniki, pamoja na dawa ambazo asipewe. Manjano alipata kidogo wiki ya kwanza, tukampeleka mapema, ikatoka.

Watu wengine wamebadilika, wengine hawajabadilika. Bi. Dija hakusema kwamba ameamini. Lakini mzazi mmoja wa Magomeni ya hapa Bagamoyo aliniambia kwamba mkandaji alipofika kwake aliuliza kwanza nguo zilikaa wapi, na kama zina vidonge, basi yeye hamkandi mtoto mpaka ziondolewe. Alisema ni kwa sababu harufu inamwumiza kichwa. Haidhuru sababu.

Pakiti ile mpya Mama aliifukia. Sandukuni sasa hamna nguo ya mtoto yeyote, na sanduku lenyewe halijarudi chumbani. Nguo za Ibrahimu ninazo kwangu, kwenye mfuko wa kitambaa uliotundikwa ukutani. Sikuweka kitu cha kuzilinda. Mende wamekwisha toboa kofia, na ile kanga ya maua ya njano imeanza kuchakaa kwenye mkunjo. Harufu ya naftalini imepungua sana. Naziacha hivyo.

Nasrin amerudi kazini. Asubuhi anamwacha mtoto kwa Mama, jioni anampitia na kwenda naye Mbegani. Shomari ana miezi tisa. Alhamisi hii anachanjwa surua, na atakayempeleka ni Mama.